Redio ya AM ya mzee shambani: waya mrefu, kitanzi, au redio mpya?

MwanaTana
Hamjambo wenzangu. Naomba mawazo ya wanaoelewa mambo ya redio. Mzee wangu anaishi shambani kando ya Mto Tana, mbali kidogo na Hola. FM kule ni ya kubahatisha, leo ipo kesho haipo, kwa hivyo yeye ni mtu wa AM tangu zamani. Siku hizi analalamika redio haishiki. Sauti inatoka kwa mbali, mikwaruzo mingi, na kuna saa haisikiki kabisa. Nikienda mwisho wa mwezi nataka nimfanyie jambo.

Kuna aliyeniambia nivute waya mrefu kutoka dirishani mpaka kwenye mwembe. Mwingine akasema kitanzi cha waya kwenye fremu ya mbao ndicho kiboko. Kaka yangu anataka tununue redio nyingine tumalize. Mimi ningependa kitu cha muda, cha kufungua na kuhamisha, maana mwakani nyumba yenyewe tutaibomoa tujenge nyingine. Mnashauri nini?

Jabali_DSM
Mkuu, redio nyingine. Ila si hizi ndogo za plastiki. Tafuta zile kubwa za zamani, National Panasonic au Philips ya betri kubwa. Ukifungua kifuniko cha nyuma unakuta kijiti cheusi cha feraiti, kirefu karibu sawa na redio yenyewe, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hiyo ndiyo antena ya AM. Redio za siku hizi kijiti chenyewe hakizidi urefu wa kidole. Kwa mafundi wa Kariakoo zile za zamani bado zipo, na Nairobi sidhani kama zimekosekana. Waya za kwenye miembe ni usumbufu tu.

Fundi_Kisauni
Jabali, umeshatoa dawa na mgonjwa hujamuuliza anaumwa wapi.

MwanaTana, hujasema redio ni ya aina gani, ya kuzungusha au ya namba. Hujasema ni stesheni gani, wala kama shida ni mchana au usiku. Paa ni makuti au mabati? Kuna stima, sola, au hakuna kitu? Na hiyo kelele ikoje: inakwaruza, inavuma mfululizo, au ni stesheni nyingine inaingia juu yake? Jibu hayo kwanza. Mtu mwenye mvumo wa taa na mtu aliye mbali na mtambo hawapewi ushauri mmoja.

Bi_Rehema
Na simu je, mwanangu? Mimi nasikiliza kila kitu kwa simu, hata stesheni za Zanzibar, safi kabisa.

MwanaTana
Bi Rehema, asante, lakini kule mtandao mpaka utoke uende kandokando ya barabara kuu. Halafu macho yake hayamsaidii tena, simu ya kugusa haiwezi. Redio anaijua kwa vidole.

Fundi, nyumba ni ya mabati, kuta za matope. Anasikiliza Radio Taifa ya KBC zaidi, habari na matangazo ya vifo, asubuhi na jioni. Redio ni ndogo nyeusi, ya namba. Jina silikumbuki. Kelele nikimuuliza kwa simu anasema tu "inanguruma".

mwalimu_fizikia
Asubuhi na jioni ni saa mbili tofauti kabisa kwa AM. Mchana tabaka la chini la anga, lile wanaloliita D, hunyonya mawimbi ya masafa ya kati, ndiyo hiyo AM, yanayopanda juu, kwa hivyo unapata tu yale yanayotambaa ardhini kutoka mtambo wa karibu. Jua likizama tabaka hilo linapotea, mawimbi yanapanda mpaka tabaka za juu na kurudishwa chini mamia ya kilomita mbali. Ndipo stesheni za mbali zinapojaa kwenye redio. Huku pwani usiku ukizungusha kuelekea mwisho wa mkanda unasikia stesheni za Uarabuni kana kwamba wako mtaa wa pili.

Kwa hivyo kama tatizo la mzee ni asubuhi, stesheni ni dhaifu na waya mrefu utamsaidia. Kama ni jioni, stesheni zinapandana, na waya mrefu utamzidishia taabu kwa sababu unakusanya zote pamoja. Hapo ni kitanzi, maana kinachagua upande.

Jabali_DSM
Mwalimu, kwani kijiti cha feraiti nacho si kinachagua upande? Redio yoyote ya AM ukiizungusha juu ya meza sauti inapanda na kushuka. Sasa kitanzi cha nini? Azungushe redio.

mwalimu_fizikia
Kinachagua, ni kweli, na hilo ndilo jambo la kwanza la kumfundisha mzee. Ncha za kijiti zikielekea kwenye stesheni, inapotea. Ubavu ukielekea, inakuja. Lakini kitanzi chenye upana wa nusu mita kinakamata mawimbi mengi kuliko kijiti, halafu unakitafutia stesheni moja tu kwa kondensa, kile kifaa cha kuzungusha cha kuchagulia masafa. Redio unaiweka karibu bila kuunganisha waya wowote. Zingatia tu kwamba kijiti kiwe sambamba na mhimili wa kitanzi, yaani kichungulie katikati ya tundu, kisilale pamoja na nyaya.

Mkulima_Mpeketoni
Nimesoma nikaona hakuna aliyegusa sola, na Fundi ameiuliza haikujibiwa. MwanaTana, mzee ana sola?

Nauliza kwa sababu ya yaliyotupata sisi. Baba mkwe alikuwa na redio ya kuzungusha, nzuri, inashika mpaka Somalia. Mwaka ule tukamfungia paneli juu ya bati, betri moja, taa nne na chaja ya simu. Baada ya muda si mrefu akaanza kusema redio imeharibika. Tukaipeleka kwa fundi mjini. Akaifungua, akabadilisha kitu fulani, akatutoza, akairudisha. Dukani kwake ilikuwa inasikika vizuri kabisa. Tukaifikisha nyumbani, mvumo ule ule. Tukarudi. Akasema kijiti cha antena kimepasuka, akaweka kingine, akatutoza tena. Nyumbani, vile vile. Safari iliyofuata akatuuzia waya wa antena. Akaja mwenyewe akaufunga kwenye mlingoti wa paneli na kuuteremsha ukutani bega kwa bega na waya unaotoka kwenye paneli kwenda kwa betri. Siku hiyo mvumo ulizidi mpaka stesheni ikazama kabisa.

Aliyetuonyesha ni mzee mwenyewe. Alisema, "Hii redio usiku inapona." Nikakaa naye alfajiri. Giza bado lipo, Radio Taifa inasikika safi. Jua likachomoza, likagusa paneli, na mvumo ukaanza pole pole, ukapanda kadiri jua lilivyopanda. Wingu likipita juu ya nyumba, mvumo unashuka. Likiondoka, unarudi. Nikang'oa waya wa paneli kwenye kile kidude kinachosimamia chaji, kelele ikakatika papo hapo. Kile kidude ndicho kilichokuwa kikipiga kelele, na zile nyaya ndefu za paneli ndizo zilizokuwa antena yake. Redio haikuwa na kasoro yoyote tangu mwanzo.

Tukatafuta kidude kingine kizito zaidi, cha kampuni tofauti. Nyaya za paneli tukazisokota pamoja, ule wa chanya na ule wa hasi, badala ya kuziacha zimeachana. Redio ikahamia chumba cha mwisho, mbali na betri. Mvumo haukuisha wote lakini stesheni ikarudi.

Kwa hivyo kabla hujanunua hata mita moja ya waya, zima sola yote usikilize.

Fundi_Kisauni
Andiko hili libandikwe juu ya jukwaa. Na taa za LED za bei rahisi ni hivyo hivyo, na chaja za simu, na inveta ndiyo mama yao. Mjini stima ikipotea mtaa mzima ndipo utajua AM yako ina uwezo gani.

Kipimo rahisi: mzee aichukue redio, itumie betri zake yenyewe, atoke nje atembee mpaka katikati ya shamba. Kama kule inasikika safi, ugonjwa uko ndani ya nyumba.

MwanaTana
Sola ipo. Tulimwekea mvua za mwaka jana. Sikuihusisha kabisa na redio, lakini nikihesabu sasa, malalamiko yake yalianza baada ya hapo. Nitamwambia leo atoke nayo shambani.

Kuhusu redio, nimemuuliza dada. Ililetwa na binamu yetu kutoka Marekani.

Mkongo_DesMoines
Jambo ndugu zangu. Hapo penye Marekani simameni kidogo. Mimi naishi Iowa na redio za huku nazijua. Stesheni za AM za Marekani zimepangwa kwa hatua ya 10, yaani zinaachana kwa kilohezi 10: hapa kwetu stesheni ya WHO iko 1040, Nashville kuna WSM 650, zote zinaishia na sifuri. Afrika, Ulaya na Asia ni hatua ya 9. Redio ya namba iliyotoka huku imewekwa hatua ya 10, ukibonyeza inaruka 660, 670, 680. Stesheni iliyo 675, kwa mfano, inaangukia katikati, hakuna namba inayoifikia. Utaisikia kwa pembeni, sauti imekunjamana, maneno yenye "s" yanachana masikio.

Redio nyingi za namba zina njia ya kubadilisha. Nyingine ina swichi ndani ya chumba cha betri, nyingine unabonyeza kitufe fulani kwa muda redio ikiwa imezimwa. Aangalie kijitabu chake. Kama haina njia hiyo, haifai huko, hata umpe waya wa kilomita nzima.

Mimi hapa naishi ghorofani. Nilivuta waya kuzunguka dirisha na nikapata kelele za televisheni za majirani wote. Kitanzi kidogo cha kununua, Tecsun AN-200, kinasimama mezani, nakizungusha mpaka kelele inashuka, basi. Mimi ni mtu wa kitanzi.

Jabali_DSM
Hilo la hatua ya 10 linathibitisha nilichosema. Redio ya kuzungusha ya zamani haina habari na hatua yoyote. Unaipeleka sindano popote unapotaka.

Msikilizaji_Unguja
Naona mnahangaika na masafa ya kati wakati masafa mafupi yapo. Kwa nini asipate redio yenye SW akasikiliza Zanzibar kutoka mtambo wa Dole, kilohezi 11735? Stesheni ile inasikika mpaka Ulaya, na taarabu zake hakuna wa kuzishinda. Na kwa SW waya mrefu hapo ndipo mahali pake, unaubana tu kwenye ule mlingoti wa kuvuta wa redio.

Fundi_Kisauni
Mzee anataka matangazo ya vifo ya kwao, Msikilizaji. Taarabu ya Unguja haitamwambia nani kazikwa Hola.

Ila umegusa jambo muhimu. Watu wengi wanabana waya kwenye mlingoti wa kuvuta wakitegemea AM ipande. Kwenye redio nyingi ndogo ule mlingoti ni wa FM na SW tu, AM haiujui. Hata tundu la antena la pembeni mara nyingi ni la SW. Ndiyo maana watu husema waya haufanyi kazi.

Kwa AM fanya hivi. Chukua waya wowote wenye ganda, zungusha kama mara nane au kumi kwenye mwili wa redio, kupitia juu, nyuma, chini na mbele, pale kijiti kilipo ndani. Ncha moja unganisha na waya mrefu unaotoka nje. Ncha nyingine iende ardhini, kwenye nondo iliyopigwa mahali penye unyevu. Hakuna kufungua redio wala kuchoma risasi. Ukitaka kuhama unauvua.

Jabali_DSM
Urefu gani? Mwalimu atuambie, maana masafa ya kilohezi 600 urefu wa wimbi ni mita 500. Robo yake tu ni mita 125. Waya wa mita 25 wa kwenye mwembe ni kitu gani mbele ya hiyo?

mwalimu_fizikia
Hesabu yako ni sahihi, lakini hiyo robo ni muhimu kwa anayerusha. Anayepokea hahitaji antena iwiane na wimbi. Kwenye AM kelele ya angani yenyewe ni kubwa. Ukishapata waya wa kutosha kuipita kelele ya ndani ya redio, mita zinazoongezeka zinaleta stesheni na kelele pamoja. Mita 20 hadi 30 zinatosha, na zikipita mbali na nyumba ni bora kuliko 60 zinazopita juu ya bati.

Kinachopuuzwa ni ardhi. Stesheni zenyewe za AM mlingoti wote ndio antena, na chini yake huzikwa nyaya za shaba kuuzunguka pande zote. 120 ndiyo idadi ya kawaida. Wanafanya hivyo kwa sababu ardhi ni nusu ya kazi. Kando ya Tana ardhi ina maji, mzee ana bahati. Nondo moja pale itafanya kazi ambayo Wajir kwenye ukame ingetaka nne.

Mkulima_Mpeketoni
Na radi? Mwembe ndio mti mrefu pale shambani. Mvua za Aprili unamwekea mzee waya kutoka mtini mpaka kitandani kwake?

Fundi_Kisauni
Waya unafungwa kwa kamba ya nailoni mtini, haugusi mti, na unaishia nje ya dirisha kwenye kibanio. Wingu likitanda, unabanduliwa na ncha inaachwa nje, kwenye nondo.

Mkulima_Mpeketoni
Nani ataubandua? Mzee haoni vizuri, ameshasema mwenyewe. Radi haihitaji ikupige. Ikipiga mti wa jirani tu waya unapata umeme wa kutosha kuua redio. Nondo haizuii hilo. Kwa mtu anayekaa peke yake mimi sikubali waya wa nje, hata wa muda.

Fundi_Kisauni
Mabaharia wamekaa na nyaya juu ya vyombo miaka yote.

Mkulima_Mpeketoni
Mabaharia wana macho na wako wengi. Hapa tunazungumzia mzee mmoja.

mwalimu_fizikia
Hapo nakubaliana na Mkulima. Hiyo ndiyo faida nyingine ya kitanzi, kinakaa ndani. Tatizo ni bati na ile sola. Ndani ya nyumba ya bati kikae karibu na dirisha, kuta za matope hazizuii kitu.

Bi_Rehema
Mmenikumbusha marehemu mume wangu. Alikuwa na waya kutoka chumbani mpaka kwenye mnazi, na jioni hakuna aliyeruhusiwa kuongea Dira ya Dunia ikianza. Ile sauti ilikuwa inakuja na kuondoka, tunasogeza vichwa vyote karibu na redio.

Msikilizaji_Unguja
Bi Rehema, hiyo ilikuwa SW. Ndiyo hiyo niliyokuwa naisema.

Jabali_DSM
Huku bara usiku tulikuwa na Sauti ya Amerika kutoka Botswana, Selebi-Phikwe, kwenye 909, kilowati 600, masafa ya kati hayo hayo. Inaingia kwenye redio yoyote bila waya, bila kitanzi. Tangu Machi 2025 kimya. Mtambo ukiwa na nguvu haya yote hayahitajiki.

Mkongo_DesMoines
Kilowati 600 huku hairuhusiwi, mwisho ni 50. Zamani WLW ya Cincinnati ilipewa 500, kuanzia 1934 mpaka 1939, halafu ikarudishwa. Na hizo 50 usiku nazisikia kutoka majimbo ya mbali sana, kwa hiyo nguvu si kila kitu, Jabali. Nyumba yenye kelele itaizamisha hata stesheni kubwa.

MwanaTana
Nimeongea na mzee. Ametoka na redio mpaka kwenye mashina ya migomba na anasema mngurumo umepungua sana lakini sauti bado "inachana". Kwa hivyo ni kama yote mawili, sola na hiyo hatua ya 10. Namba anayosikilizia ameshindwa kunisomea, na kijitabu hakipo.

Kaka bado anataka redio mpya. Mimi nimevutiwa na kitanzi. Fremu ikiwa ya sentimita 60 kila upande, ni mizunguko mingapi? Na waya gani?

mwalimu_fizikia
Kwa 60, mizunguko 13 hivi, nyaya ziachane milimita sita, na kondensa ya kuzungusha ya pikofaradi 365, zile za redio za zamani. Hiyo itafunika mkanda karibu wote. Waya wowote wenye ganda, hata wa taa uliofumuliwa.

Fundi_Kisauni
Ila kumbuka kila akibadilisha stesheni lazima akitafutie na kitanzi. Kwa mzee wa stesheni moja sawa, unakiweka alama ya rangi.

Jabali_DSM
Na hiyo kondensa ataitoa wapi? Kwenye redio ya zamani. Yaani avunje redio nzuri ili aisaidie redio mbovu.

Fundi_Kisauni
Zipo zilizokufa zamani, maboksi mazima. Kwangu hapa ninazo. MwanaTana, ukipita Mombasa kabla ya kupanda gari la Hola nitafute kwa ujumbe wa ndani, na hiyo redio ya Marekani ukiweza kuipata ije nayo niione.

Kipepeo_Malindi
Samahani kuingilia katikati. Mimi redio yangu ni ya kuzungusha, sola sina, na ifikapo magharibi Waarabu wanaifunika stesheni yangu kabisa. Hicho kitanzi kinaweza kuwaondoa Waarabu nibaki na stesheni yangu, au zote zitapotea pamoja?

mwalimu_fizikia
Inategemea stesheni yako iko upande gani. Kama iko kaskazini pamoja nao, zitapotea pamoja. Ni stesheni gani, na iko namba ngapi kwenye redio?